Kabla ya kuuliza dawa, tazama mbwa anajikuna wapi

Hivi karibuni msomaji mmoja alinitumia picha ya mtoto wa mbwa aliyenyonyoka manyoya kuzunguka macho na juu ya pua, akaniuliza ampake dawa gani. Nilimwuliza kwanza kama mbwa huyo anajikuna. Alijibu kwamba hajikuni hata kidogo, na jibu hilo lilinieleza mengi kuliko picha yenyewe.

Nilijifunza kuuliza hivyo kwa sababu ya Kito, mbwa jike niliyemchukua akiwa mkubwa. Alijikuna usiku na mchana, hata chakula alikiacha katikati ili ajikune. Manyoya yalianza kutoka kwenye kingo za masikio, yakafuata ya viwiko, kisha ya vifundo vya miguu ya nyuma na tumbo, ilhali mgongo ulibaki mzima. Daktari wa kwanza, ambaye hakumshika masikio wala kumkwangua ngozi, alisema ni mzio, akamdunga sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho. Mwasho ulitulia kwa muda, kisha ukarudi kwa nguvu zaidi. Ndugu wakaanza kunishauri nimuue. Mmoja wao, ambaye mpaka leo sijamsamehe sawasawa, aliacha kuja kwangu akisema nyumba inanuka. (Harufu ilikuwepo, sikatai, lakini yapo maneno ambayo mtu hapaswi kuambiwa na nduguye.)

Fumbo lilifumbuliwa na ngozi yangu mwenyewe. Vipele vidogo vyenye mwasho vilinitoka mikononi na kiunoni, pale pale nilipozoea kumpakata, nami nikaenda kwa daktari mwingine wa mifugo nikamwonyesha vipele hivyo kabla hata hajamtazama mbwa. Alisugua ukingo wa sikio la Kito kwa vidole, na mguu wa nyuma ukaanza papo hapo kukuna hewa, ishara inayojulikana ya upele. Alimkwangua ngozi, akatazama kwa hadubini, asione kitu. Hata hivyo alianza tiba, kwa kuwa wadudu wa upele huchimba ndani ya ngozi, na hata wakiwa wachache kiasi cha kutoonekana huweza kuleta mwasho mkali. Kito na mbwa wenzake wote wa nyumbani walipewa vidonge vya kundi la isoksazolini, dawa zinazoua viroboto, kupe na wadudu wa upele, hata wale ambao hawakuwa na dalili, na matandiko yao yakafuliwa kwa maji ya moto. Vipele vyangu vilikauka vyenyewe, maana wadudu hao hawawezi kuendeleza kizazi chao kwa binadamu. Leo watu huniuliza ninampaka Kito mafuta gani, nami huwajibu, kwa fahari ninayoshindwa kuificha, kwamba simpaki chochote.

Mtoto wa mbwa wa msomaji wangu, asiyejikuna, ana dalili za jamii nyingine ya wadudu, demodeksi, wanaoishi kwenye vitundu vya manyoya na ambao watoto huwapata kwa mama yao siku za mwanzo za kunyonya. Hawawaambukizi watu, na mabaka yakiwa machache mara nyingi ngozi hupona yenyewe. Steroidi humdhuru mbwa mwenye wadudu hawa, kwa sababu hupunguza kinga inayowazuia wadudu hao wasiongezeke. Hata hivyo fangasi wa choa, ambao huambukiza watu, huweza kuleta mabaka yanayofanana na hayo, hivyo akwanguliwe kwanza.

Mbwa anayejitafuna kiunoni na kwenye shina la mkia, mshuku viroboto hata kama humwoni hata mmoja. Mchane manyoya kwa kitana juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Chembe nyeusi zikiacha doa jekundu, hicho ni kinyesi cha kiroboto chenye damu. Anayelamba nyayo na kuwashwa kwapani na masikioni, hasa ikiwa alianza akiwa na umri kati ya miezi 6 na miaka 3, huenda ana mzio wa vumbi au chavua. Mzio wa chakula huleta dalili zile zile, na huthibitishwa kwa kumlisha chakula maalumu pekee kwa takriban wiki 8, bila kumwonjesha kitu kingine, kisha kumrudishia chakula cha zamani na kuona kama mwasho unarudi. Vipele vya usaha mara nyingi ni vya bakteria. Shampuu ya klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, husaidia ikiachwa mwilini kwa dakika 10 kabla ya kusuuzwa.

Ndugu zangu, acheni kuwapaka mbwa oili chafu ya gari. Mbwa huilamba, nayo ni sumu. Acheni pia kukadiria kwa macho dozi ya ivermektini, dawa ya minyoo na wadudu, iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe, kwani mbwa wa aina ya koli na baadhi ya mbwa wachungaji wana hitilafu ya kijeni inayoruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo na kuwaua. Na kama nyumbani kuna paka, soma kibandiko cha dawa ya viroboto ya mbwa kabla ya kuifungua: yenye kiuawadudu kiitwacho permethrini huweza kumuua paka, hata kwa kulala tu karibu na mbwa aliyepakwa muda si mrefu.