Msiwafungie Wazee Mlima, Waongezeeni Saa

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: mtu akishavuka miaka hamsini, aendelee na michezo ya kuchosha mwili au awaachie vijana? Nadhani barua nyingi mtakazopata zitazungumzia magoti. Yangu itazungumzia saa.

Mimi ni mzaliwa wa Lushoto, nina miaka 49, na kwa miaka kumi na moja sasa naishi Kendal, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, mlangoni mwa milima ya Lake District. Wenyeji huiita milima hiyo fell, na wana mchezo wao wa kuikimbia. Unatajiwa majina ya vilele, njia utajijua mwenyewe. Hakuna utepe wala vibao, na watazamaji wako ni kondoo. Kitu kilichonishangaza tangu siku ya kwanza ni mvi. Nilidhani wale wazee wenye kaptura wamekuja kuwashangilia wajukuu, kumbe wao ndio wanaokimbia.

Milima yenyewe si mirefu. Scafell Pike, ambao ndio mrefu kuliko yote Uingereza ukiacha Scotland na Wales, una mita 978, na Lushoto mjini kwetu ni juu zaidi ya hapo. Nilicheka nilipoambiwa. Kicheko kikaisha siku nilipopanda. Ubaya wake ni kwamba unapanda, unashuka, unapanda tena, kutwa nzima, kwenye tope linalomeza mguu hadi gotini na hali ya hewa inayogeuka kabla hujafunga zipu ya koti.

Na mzunguko maarufu wa mchezo huu haukuanzishwa na kijana. Bob Graham alikuwa mwenye nyumba ya wageni mjini Keswick, mtu wa makamo aliyekwisha kuvuka arobaini, alipozunguka vilele 42 ndani ya saa 24 mwezi wa Juni mwaka 1932, akiwa na raba za tenisi miguuni. Ni mwendo wa kama kilomita 106. Ilipita miaka 28 kabla ya mtu mwingine kuweza. Leo mzunguko huo una jina lake, na saa ni zilezile 24, uwe na miaka 25 au 65.

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize. Jirani yangu, fundi umeme mstaafu, aliujaribu akiwa na miaka 57. Alifika Wasdale, mahali ambapo wengi huishia, kwa sababu umeshuka kutoka Scafell miguu ikitetemeka na mbele yako umesimama mlima Yewbarrow kama ukuta. Wasaidizi walikuwa wamemngoja na gari. Aliniambia kosa lake lilikuwa moja tu: kufungua mlango wa gari akakaa. Hakuinuka tena. Hakuona aibu, lakini pia hakurudia. Alijua kwamba mwakani yeye atazidi kuzeeka, na saa zitabaki 24.

Wasdale hiyohiyo ndiko alikoishi Joss Naylor, mfugaji wa kondoo. Ujanani mgongo wake ulikuwa mbovu, akafanyiwa upasuaji, akaonekana hafai hata kwa jeshi. Mwaka 1975 alipita vilele 72 kwa chini ya saa 24. Alipofikisha miaka 50, mwaka 1986, alizunguka vilele vyote 214 vilivyomo katika vitabu vya Wainwright, mwandishi wa miongozo ya milima hiyo, kwa siku saba na saa moja na ushei. Akiwa na 60 akapita vilele 60 kwa saa 36, na akiwa na 70 akapita 70 kwa chini ya saa 21. Amefariki Juni 2024 akiwa na miaka 88. Lakini kwangu mimi jambo lake kubwa si hizo rekodi. Mwaka 1990 alianzisha safari ya wenye miaka 50 na kuendelea: kutoka Pooley Bridge hadi Greendale Bridge, kama kilomita 77, vilele 30, kupanda kwa jumla zaidi ya mita 5,000. Mwenye miaka 50 hadi 54 anapewa saa 12. Wa 55 saa 14. Wa 60 saa 18. Ukifika 65, saa 24.

Mlima haukupunguzwa hata kilele kimoja. Kilichobadilishwa ni saa. Sijaona heshima kwa wazee iliyo nzuri kuliko hiyo, maana sehemu nyingi tunawapunguzia mlima halafu tunaita huruma.

Jirani yangu, ambaye mimi humwita Mzee naye amelizoea neno, aliianza safari hiyo akiwa na miaka 66, saa kumi alfajiri, mwezi wa Juni. Mimi nilipangiwa kipande cha pili, kutoka Kirkstone Pass hadi Dunmail Raise. Kazi yangu ilikuwa ya mgumu, kama wanavyoitwa wapagazi wa Kilimanjaro: kubeba chakula chake, maji na koti lake la mvua, na zaidi ya yote, kuandika saa ya kufika kila kilele. Nilipewa kadi ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na penseli, kwa sababu kalamu ya wino haiandiki kwenye karatasi iliyolowa.

Kutoka barabarani Kirkstone unaupanda Red Screes moja kwa moja, zaidi ya mita 300, kwingine kwa msaada wa mikono. Mzee hakukimbia hata hatua moja pale. Aliweka viganja mapajani, akainama, akawa anapiga hatua fupifupi kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake. Nilimpita mara mbili, na mara mbili nikamkuta yuko mbele yangu, kwa sababu mimi nilikuwa nasimama kuhema na yeye hasimami. Nilimkumbuka bibi yangu na mzigo wake wa viazi kichwani akitoka sokoni. Ni mwendo uleule, ila bibi hakuna aliyemwandikia saa.

Fairfield tulikuta ukungu. Kilele chake ni bapa kama uwanja, mawe matupu, na malundo ya mawe ya kuonyesha njia ni mengi hata hayaonyeshi kitu. Mimi, kijana wa msafara, nikatangulia kwa kujiamini. Nyuma yangu nikasikia, "Simama hapohapo." Nilikuwa naelekea kaskazini, kwenye magenge. Mzee akaifuta dira kwa kidole gumba, akaitazama, akageukia magharibi akaenda zake bila kuniambia neno. Sijui tungepoteza dakika ngapi, au nini kingine. Najua tu kwamba tulichookoa pale hakikutoka kwenye mapafu yake.

Mmeuliza kuhusu nguvu, lakini siku ile tulikuwa watu tisa tukipokezana, na karibu wote Mzee alishawahi kuwabebea mizigo wao katika safari zao, miaka nenda miaka rudi. Mama mmoja alipanda kwa miguu hadi Styhead, ambako gari halifiki, na chupa ya chai mgongoni. Kijana wa miaka 25 anaweza kuwa na mapafu. Wa kumpandishia chai Styhead atakuwa bado hajawapata.

Sisemi kila mzee apande. Kushuka ndiko kunakoumiza, si kupanda, na wapo ambao daktari amewaambia basi, nao watii. Wala sisemi saa za ziada ni za kila mtu: Nicky Spinks, mfugaji wa Yorkshire, mwaka 2016 aliuzunguka mzunguko wa Bob Graham mara mbili mfululizo kwa saa 45 na nusu, miaka kumi baada ya kuugua saratani ya matiti. Alikuwa na miaka 49, umri wangu huu, nami nimepotea Fairfield.

Basi tukashuka Seat Sandal hadi Dunmail Raise, Mzee akakaa kwenye kiti cha kukunja akapewa viazi baridi vya kuchemsha na chumvi. Nikakabidhi kadi. Mama aliyeipokea akaitazama, akanitazama, akaitazama tena. Juu, mwenzangu wa kipande cha kwanza ameandika Kirkstone 9:45. Chini yake mimi nimeandika Red Screes 4:25, Hart Crag 5:35, Fairfield 6:15, Seat Sandal 7:05. Miaka kumi na moja Uingereza, na mkono wangu ukichoka bado unaandika saa za Kiswahili. Nikaanza kueleza kwamba kwetu saa huhesabiwa tangu kuchomoza kwa jua, kwamba saa nne asubuhi ni saa nne. Mzee alicheka hadi akapaliwa na kiazi. "Kwa hiyo huyu amenipa saa sita za bure," akasema.

Hakuzihitaji. Alifika Greendale Bridge saa sita na dakika kumi na nane usiku, yaani saa 20 na dakika 18 tangu aanze. Kadi ya kupeleka kwa wahusika waliinakili upya, kwa saa zao. Ile yangu ameibandika kwenye friji. Ukiisoma kwa Kizungu, Mzee alitoka Pooley Bridge saa 4:00 na saa 4:25 alikuwa juu ya Red Screes. Wajukuu wake wanaamini.

Msomaji wenu,
Kendal, Uingereza