Maswali na majibu: Nani huyo kwenye kava?

Safari hii nimechagua maswali ya majina ya kwenye muziki: nani alipiga, nani aliitikia, nani alikaa kwenye mitambo. Wanaotaka kujua msanii gani ana gari gani watafute safu nyingine.

Rafiki yangu anaapa kwamba prodyuza wa U2 aliwahi kutengeneza albamu ya Mganda. Mimi nakataa. Nani mkweli? (Msomaji, Gulu)

Rafiki yako. Na kwa kuwa unaandika kutoka Gulu, ulipaswa kulijua hili kabla yangu. Albamu inaitwa *Exile* (yaani uhamishoni), ya Geoffrey Oryema, iliyotolewa mwaka 1990 na Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Aliyeitayarisha ni Brian Eno. Huyu si mwanachama wa U2, bali ndiye aliyeshirikiana na Daniel Lanois kutengeneza *The Unforgettable Fire* (1984) na *The Joshua Tree* (1987). Ukisoma majina ya waitikiaji kwenye *Exile* utamkuta Peter Gabriel mwenyewe.

Watu wakisikia hayo hudhani kwamba Wazungu wakubwa walimwokota kijana wa Kiafrika wakampa sauti. Sivyo. Oryema alikwenda pale akiwa na nanga (ala ya nyuzi) aliyofundishwa na baba yake, lukeme (kinanda cha vidole gumba), na nyimbo za Kiacholi na Kiswahili. Baba yake ni Erinayo Oryema, waziri wa serikali ya Idi Amin aliyeuawa Februari 1977 pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na Charles Oboth-Ofumbi. Kijana akavushwa mpaka wa Kenya akiwa amefichwa kwenye buti la gari, kisha akaishia Ufaransa, alikofariki mwaka 2018. Jina la albamu lilitoka huko. Isikilize yote uone jinsi Eno alivyojizuia: hakuifunika nanga kwa vinanda vyake. Prodyuza anayejua kukaa pembeni ni adimu, na wetu wengi wa leo wangejifunza hapo.

Nasikitika kwamba kila siku maelfu wanapita Luwum Street hapa Kampala wakilijua jina la askofu, lakini hawajui kwamba mtoto wa mwenzake aliyekufa naye alituachia moja ya albamu bora zilizowahi kuimbwa na Mganda.

Nani alipiga gitaa lile kali kwenye "Beat It" ya Michael Jackson? (Wasomaji wengi mno)

Eddie Van Halen, na hakulipwa. Nimeshajibu mara nyingi. Ulizeni sasa kuhusu Steve Lukather wa Toto, aliyepiga magitaa mengine na besi kwenye wimbo huohuo bila ninyi kumtaja hata siku moja.

Nina santuri ya kundi la Kiingereza, The Tremeloes, wimbo "Helule Helule". Mtunzi ameandikwa Kabaka. Je, ni Kabaka wetu, mfalme wa Buganda? (Mzee, Mengo)

Hapana, mzee wangu. Ni Daudi Kabaka, mwanamuziki wa Kenya, mmoja wa nyota wa Equator Sound jijini Nairobi. Aliurekodi wimbo huo katikati ya miaka ya 1960, na Waingereza wakauimba upya mwaka 1968 ukaingia kwenye ishirini bora za kwao.

Ila Mganda yumo karibu, kama ndiye unayemtafuta. Katika bendi ile ya Equator, pamoja na Daudi Kabaka na Fadhili William, walikuwamo Wazambia Nashil Pichen na Peter Tsotsi, na Charles Sonko wa hapa kwetu Uganda. Kila mtu anauita muziki ule "wa Kenya", ilhali majina yaliyoutengeneza yametoka pande zote. Tafadhali usiiuze santuri hiyo kwa mtu anayekuja na hadithi ya kuipeleka makumbusho.

Mbona George Harrison wa Beatles ameandikwa kwa jina la ajabu kwenye wimbo wa Cream? (Mwanafunzi, Makerere)

Wimbo ni "Badge" wa mwaka 1969, na jina ni L'Angelo Misterioso, yaani Malaika wa Siri kwa Kiitaliano. Mkataba ndio sababu. Mwanamuziki aliyefungwa na kampuni moja hakuruhusiwa kuonekana hadharani kwenye kazi ya kampuni nyingine, kwa hiyo alijificha. Eric Clapton, rafiki yake wa Cream, alikuwa ameshamfanyia hisani kama hiyo kabla ya hapo: solo ya gitaa kwenye "While My Guitar Gently Weeps" ya mwaka 1968 ni yake, na hakuandikwa kabisa. Prince naye alijificha kwa kupenda. "Manic Monday" ya The Bangles imeandikwa kuwa ya Christopher, na Christopher ni yeye.

Usiige. Harrison na Prince walikuwa na mawakili waliojua kila jina la uongo linaelekeza pesa wapi. Wewe ukijiita Malaika wa Siri kwenye wimbo wa mwenzako hapa Kampala, mirabaha itamtafuta malaika.

Youssou N'Dour anaimba wapi kwenye *Graceland* ya Paul Simon? Nimesikiliza sana, simsikii. (Msomaji, Entebbe)

Haimbi. Alipiga ngoma kwenye "Diamonds on the Soles of Her Shoes". Sauti yake utaipata mwaka huohuo wa 1986 kwenye "In Your Eyes" ya Peter Gabriel. Ukiwa bado na *Graceland* mkononi, mtafute Demola Adepoju, Mnigeria aliyepiga gitaa la kulaza kwenye wimbo wenyewe wa "Graceland". Na soma malalamiko ya Los Lobos kuhusu wimbo wa mwisho: wao wanadai waliutunga, kava linasema ni wa Paul Simon. Albamu hiyohiyo iliyowafikisha Waafrika Kusini Ray Phiri (gitaa) na Bakithi Kumalo (besi) masikioni mwa dunia ina mgogoro wa jina ambao haujatulia hadi leo.

Napiga besi kwenye studio moja mjini. Nimeshapiga nyimbo nyingi zinazochezwa redioni. Nikimwambia prodyuza aniandike, ananiambia muziki ni wa mwimbaji, mimi nimeshalipwa ya siku. Ana haki? (Mpiga besi, Wandegeya)

Hana, na swali lako ndilo lililonifanya nikae kuandika safu hii.

Sikiliza wimbo wowote wa mjini. Sekunde za kwanza jina la prodyuza linatamkwa kwa mbwembwe, halafu jina la mwimbaji, halafu majina ya matajiri waliotoa hela. Aliyepiga gitaa hatajwi. Aliyeitikia hatajwi. Aliyetunga ile mistari ambayo bar nzima inaiimba hatajwi. Zamani za kaseti na CD, hata kava lililochapwa Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, lilikuwa na nafasi ya mistari miwili mitatu. Leo wimbo unapandishwa YouTube na simu, na sehemu ya kujaza washiriki inaachwa tupu kwa sababu eti inachukua muda.

Hoja ya prodyuza wako si mpya. Motown, kampuni ya rekodi ya Detroit, iliishi nayo miaka yote ya 1960. Nyimbo zao zilipigwa na kundi moja la wanamuziki, Funk Brothers, na hawakuandikwa kwenye albamu mpaka *What's Going On* ya Marvin Gaye mwaka 1971. James Jamerson, ambaye besi yake kila mpiga besi duniani ameiiga, wewe mwenyewe ukiwamo, alikuwa ameshapiga nyimbo zilizoongoza chati kabla jina lake halijachapwa popote. Ikiwa kampuni ile ilikosea, studio yako nayo inakosea.

Sheria yetu ya hakimiliki na hakishiriki ya mwaka 2006 haimtambui mwandishi pekee. Inamtambua pia mpigaji. Kama mistari ya besi uliitunga mwenyewe, dai uandikwe kama mtunzi mwenza. Fanya hivi: kabla hujachomoa waya, iwepo karatasi moja yenye jina la wimbo, tarehe, nani kafanya nini, na nani anapata sehemu gani, na kila mmoja atie sahihi. Piga picha ya karatasi hiyo. Nenda URSB, ofisi ya serikali ya usajili, uulize usajili, na kama wewe ni mtunzi jiunge na UPRS, chama kinachokusanya mirabaha ya watunzi. Na karatasi yoyote utakayopewa yenye maneno ya kuacha haki zako zote usiisaini siku hiyohiyo, hata ukiambiwa mwimbaji anasubiri kwenye gari.

Kanye West aliiba wimbo wa Mjaluo? (Msomaji, Tororo)

Hakuiba, na neno hilo mnalitumia ovyo. "Yikes" ya mwaka 2018 ina kipande cha "Kothbiro" ya Black Savage, bendi ya Nairobi ya miaka ya 1970, na Ayub Ogada, Mjaluo unayemuulizia, pamoja na James Mbarack Achieng wameandikwa miongoni mwa watunzi. Ogada aliurudia wimbo huo kwenye *En Mana Kuoyo* mwaka 1993. Alifariki mwaka 2019, lakini jina lake limekaa kwenye orodha ile, na kwa kila msikilizaji wa wimbo huo wapo warithi wanaoweza kudai. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Wa kuwalaumu ni wale wanaokata kipande wakaandika "wimbo wa asili" mahali pa mtunzi.

Ni kweli kuna Wazungu kwenye kundi la ngoma za Kiganda? (Msomaji, Jinja)

Ni kweli: Nihiloxica, Waingereza wawili pamoja na wapigaji wa Nilotika Cultural Ensemble wa Kampala. Albamu ni *Kaloli*, 2020. Lakini ukitaka kushangaa zaidi, chukua *Gulu City Anthems* ya Otim Alpha (2017) na usome jina la Leo Palayeng: nyimbo za harusi za Kiacholi zimejengwa upya kwa kompyuta, na aliyekaa kwenye kompyuta ni mtu wa hukohuko.

Nitumie orodha ya majina yote ya siri kwenye albamu zote maarufu. (Msomaji, hakutaja anakoishi)

Sitakutumia. Chukua albamu moja unayoipenda, soma majina yake yote, kisha uniandikie.

Ni nani anayepuliza kinanda cha mdomo kwenye "I Feel for You" ya Chaka Khan? (Dada, Mbale)

Stevie Wonder, 1984. Mwaka uliofuata akapuliza tena kwenye "There Must Be an Angel" ya Eurythmics. Na wimbo huo wa Chaka Khan aliutunga Prince, safari hii kwa jina lake.