Anayezunguka ni nani?

*Kona ya Lugha: maswali ya wasomaji*

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Natafsiri hadithi ya Kiingereza kuhusu mzee anayelinda ghala usiku. Kila saa analizunguka, na siku hizi anaandika "salama" kwenye daftari hata kabla hajafika mlango wa nyuma. Katika ukurasa mmoja mwandishi ametumia "routine", "rut", "treadmill" na "rote". Kamusi yangu karibu yote inayarudisha kwenye "kawaida" na "mazoea". Je, Kiswahili chetu ni haba, au ni mimi nisiyeona? *Msomaji, Korogwe*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kiswahili si haba hata kidogo. Kamusi imekutajia ukoo, haikukutajia mtoto. Mimi kila nikikutana na maneno haya huuliza kwanza: huyu anayerudia jambo lile lile, amelichagua, amenaswa, au amefungwa? Na moyo wake uko wapi?

Chukua "routine". Limetoka Kifaransa, kwenye neno la njia, na nyuma yake kuna Kilatini cha njia iliyopasuliwa. Wengine wamekwisha kuipasua, wewe unapita. Halina tusi ndani yake. Marehemu mama yangu aliuza vitumbua. Unga aliukoroga usiku, saa kumi alfajiri akaamka kuwasha mkaa, na adhana ilimkuta chuma kiko motoni. Hivyo miaka yote niliyokaa kwake. Mwingereza akiuita mwendo ule "routine" hajamvunjia mama heshima. Mimi ningeandika "utaratibu wake", na pale penye mapenzi ningeandika "ada yake", ada ya desturi, si ya malipo.

"Rut" ni jingine kabisa. Ni ule mfereji ambao magurudumu huuchimba barabarani. Wewe wa Korogwe sina haja ya kukueleza barabara za udongo wakati wa masika: lori likishatumbukiza tairi kwenye mfereji wa lori lililotangulia, dereva anazungusha usukani bure, gari linafuata mfereji. Hakuna aliyemlazimisha, ila kutoka hawezi. Hapo andika "amenasa". Kitenzi kimoja, na msomaji wako anauona udongo.

"Treadmill" vijana wanaijua kama mashine ya kukimbilia, ya kupunguzia uzito. Lakini neno hili limetoka gerezani, na nakuomba usilisahau hilo unapotafsiri. Mwaka 1818 mhandisi wa Uingereza, William Cubitt, alibuni gurudumu pana lenye vidaraja kwa ajili ya wafungwa. Wakapanga mstari, wakawa wanapanda, na kila daraja waliyoikanyaga ilizama chini yao. Gereza la Brixton, London, liliwekewa la kwake 1821. Penye bahati gurudumu lilisaga nafaka au kupandisha maji. Kwingine halikuungwa na chochote, watu wakawa wanasaga upepo kutwa nzima. Sheria ya magereza ya 1898 ndiyo iliyoipiga marufuku adhabu hiyo. Kwa hiyo anayesema kazi yake ni "treadmill" anasema mambo mawili: haiishi, na haimfikishi popote.

Na sisi tunaye wa kumlinganisha naye. Unguja na Lamu, mafuta ya ufuta yalishindikwa kwa kinu kilichozungushwa na ngamia aliyefunikwa macho. Anatembea tangu asubuhi, na jioni yuko pale pale. "Ngamia wa kinu" msomaji wa pwani ataelewa bila maelezo. Wa bara mwongezee maneno mawili tu, "aliyefunikwa macho", naye ataelewa.

Sasa "rote", ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa nimefundisha Kiingereza shule ya msingi. Waingereza wanatofautisha kujua kitu kwa moyo na kukijua kwa "rote". Cha kwanza ni sifa, cha pili ni lawama. Nasi tunatofautisha. Mtoto wa chuoni, yaani madrasa, anahifadhi sura ya Kurani na kuisoma kwa ghibu, bila kutazama kitabu, na kuhifadhi maana yake ni kutunza: kitu kimewekwa mahali pema. Kukariri nako asili yake ni kurudia tu, hakukuwa na ubaya. Shule ndizo zilizokutia doa, hata leo tukisema "amekariri" tunamaanisha hajaelewa.

Nilikuwa nikiingia darasani, watoto wanasimama kwa pamoja na kuniimbia kwa Kiingereza kwamba hawajambo, wananishukuru, kabla sijafungua mdomo kuwauliza. Nilikuwa nimewazoesha hivyo mwenyewe, kama nilivyozoeshwa. Asubuhi moja msichana mmoja alisimama na wenzake akaimba kuwa hajambo, asante mwalimu. Wakati wa mapumziko nikaambiwa bibi yake, aliyemlea, alifariki usiku ule. Kuanzia siku ya pili niliiacha ile nyimbo. Nikawa namsalimia mmoja mmoja, wanne watano kwa siku, na anayetaka kujibu kwamba hali si nzuri nikamfundisha maneno yake. Hiyo ndiyo "rote", mwanangu: mdomo umetangulia, moyo haukuitwa.

Basi mlinzi wako tumjaribu hivi: *Mwanzoni kulizunguka ghala kila saa ilikuwa ada yake. Miaka ikapita, akanasa humo. Akawa anazunguka kama ngamia wa kinu, na "salama" aliiandika mkono tu, yeye hayupo.* Neno "kawaida" halimo hata mara moja. Hilo "mkono tu, yeye hayupo" ndilo nililowekea "rote". Ukipata bora zaidi, niandikie, nitafurahi.

SWALI: Mwalimu, je, ni sahihi kusema mtu "anafanya kazi kama roboti", au tunaiga tu? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Ni sahihi, na neno limekaa vizuri mdomoni mwetu. Hata Kiingereza kililiazima. Mwandishi wa Kicheki Karel Čapek alilitumia katika tamthilia yake ya 1920, na aliyempendekezea ni nduguye, Josef. Viumbe wake hawakuwa wa chuma, walifanana na watu. Jina lao alilitoa kwenye neno la Kicheki "robota", kazi ambayo mkulima alilazimishwa kumfanyia bwana mwenye ardhi. Wazee wetu kazi ya kulazimishwa waliiita shokoa. Ukitaka kusema mtu hachoki na hakosei, roboti linatosha. Ukitaka kusema anatumikishwa, lako liko tayari.