GranTurismo mpya haina V8
Umeuliza kama Maserati GranTurismo mpya bado ina V8, yaani injini ya silinda nane. Hapana mkuu, ile V8 iliyokuwa ikiundwa na Ferrari kule Maranello haimo tena. GranTurismo ya sasa ina Nettuno, injini ya V6 (silinda sita) ya lita 3.0 yenye turbo mbili, kazi ya Maserati wenyewe. Trofeo, toleo lake la petroli, inatoa nguvu za farasi 550, inasukuma magurudumu yote manne, na kwa takwimu za kiwanda inagonga kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.5. Ya zamani ya lita 4.7 ilikuwa karibu 5, tena tairi za nyuma tu. Folgore ya umeme ni kali zaidi, sekunde 2.7, ila ina kilo 2,260, kwenye kona utazihisi. Kwa mlio, V8 bado inawaacha mbali.