Anayeipima asiwe anayeinunua

Mmeuliza wiki hii: mtu aliyerithi kitu adimu cha mzee wake, na hajawahi kuuza kitu cha namna hiyo, aanzie wapi asije kulizwa? Najibu kama msimamizi wa mirathi ya marehemu baba yangu hapa Moshi. Pamoja na kihamba (shamba la ukoo) na ng'ombe wake, mzee aliacha sarafu ya dhahabu ya Mjerumani, rupia 15 ya mwaka 1916, kwenye kasha la miwani.

Kabla hujafikiria mnunuzi, maliza mambo ya ndani. Kitu cha marehemu si cha mtoto aliyekikuta kabatini. Fanyeni kikao cha ukoo, muandike muhtasari, kisha msimamizi athibitishwe na mahakama. Kwa Mahakama ya Mwanzo utapewa fomu namba 4, inayothibitisha uteuzi wako. Sarafu iingie kwenye orodha ya mali kwa jina lake, pamoja na picha. Shemeji yangu aliona huo ni urasimu, akawa tayari ameshampata "tajiri wa Arusha" anayetaka mzigo Jumamosi ileile. Mnunuzi makini hana shida kuisubiri karatasi hiyo, maana inamkinga yeye pia asije akashitakiwa kwa kununua mali yenye mgogoro.

La pili, msiisafishe. Shangazi alishaandaa majivu na limau, kwa nia njema kabisa. Kwa wakusanyaji wa sarafu za kale, sarafu iliyosuguliwa imepoteza sehemu kubwa ya bei, na hakuna namna ya kuirudisha ilivyokuwa. Ishike kwa ukingo, usiguse uso wake, na usiiweke kwenye vile vifuko laini vya PVC, kwani vinaiachia sarafu utando wa kijani.

Sasa bei, na hapa ndipo watu wengi wanapopigwa. Ukiuliza mjini utasikia mambo mawili. Vijana watakuambia rupia ya Mjerumani inavuta mchele na kwamba Waarabu wanainunua kwa mabilioni. Ukimfuata mtu wa namna hiyo, atakuomba kwanza "hela ya kipimo". Hapo ondoka. Sonara naye atakupa bei ya gramu, na kwa upande wake hakudanganyi, kwa sababu anachokiona ni dhahabu ya kuyeyusha. Lakini rupia 15 ina uzito wa gramu 7.168, na dhahabu halisi ndani yake ni sehemu 750 kwa 1,000, yaani gramu 5.4 hivi. Ukiiuza kwa gramu unapata thamani ya hizo tu. Kinachowafanya wakusanyaji walipe mara kadhaa zaidi ni historia yake: wakati wa Vita Kuu ya Kwanza meli za Waingereza zilifunga bahari, pesa kutoka Ujerumani zikakatika, Wajerumani wakaigonga sarafu hii Tabora kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Ina tembo upande mmoja na herufi T ya Tabora. Ziligongwa kama 16,000 tu.

Kwa sonara nilikwenda, ila kwa ajili ya mizani. Nilimlipa kazi ya kupima, nikamkatalia katakata kuikwaruza kwenye jiwe la kupimia, nikaondoka na uzito ulioandikwa kwenye risiti yake. Sarafu hii imeigwa sana, kwa hiyo uzito ukitofautiana na ule wa vitabuni, una jambo la kujiuliza mapema, kabla mtu hajakuaibisha mezani. Na kama ulichokikuta ni rupia ya fedha yenye sura ya Kaiser Wilhelm, ya kati ya 1890 na 1914, tulia. Nyingi zipo, na nyingi hazina bei ya kutisha.

Kisha piga picha pande zote mbili na ukingo, mchana, bila flashi, pamoja na rula, uzitume kwa nyumba za mnada wa sarafu. Mimi niliandikia mbili za Ujerumani. Zote zilijibu kwa makadirio bila kudai hata senti, na zilikuwa zimekaribiana. Mnaona nilichokuwa nakitafuta: watu wanaoijua sarafu, ambao wao wenyewe hawakuwa wakiinunua kwangu. Matokeo ya minada iliyopita nayo yako wazi mtandaoni, na kampuni za Marekani za kupanga madaraja ya sarafu na kuzipa vyeti, NGC na PCGS, zina kurasa za kukagua namba ya cheti. Mtu akikuonyesha sarafu "kama yako" iliyouzwa, ingiza namba hiyo mwenyewe.

Ningeweza kuipeleka mnadani. Nilipopiga hesabu ya kamisheni, bima na usafirishaji, hamu iliniisha. Kampuni nyingi za vifurushi hazitaki kubeba sarafu wala dhahabu, au zinabeba bila fidia. Tena kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kuna forodha. Usithubutu kupita uwanja wa ndege wa KIA na dhahabu mfukoni ukitegemea kujieleza. Anayetaka kupeleka nje aulize kwanza kwa maandishi, Idara ya Mambo ya Kale na forodha, ajibiwe kwa maandishi. Kwa walio Arusha, pa kuanzia kuuliza ni makumbusho yaliyo ndani ya Boma la Wajerumani.

Niliuza hapahapa nchini, kwa mkusanyaji anayeishi Arusha, kwa bei ya chini kidogo ya makadirio. Kiasi chenyewe sikitaji. Ndugu zangu wanasoma gazeti hili. Hakuja nyumbani, na mimi sikwenda kwake. Tulikutana ndani ya benki yangu, asubuhi, kaka yangu akiwa shahidi. Aliikagua kwa lenzi mezani mbele yetu, na sarafu haikutoka machoni pangu hata alipopokea simu, maana kubadilishiwa huchukua sekunde moja. Alilipa kwa uhamisho wa benki kwa benki wa siku hiyohiyo, ule unaoitwa TISS, moja kwa moja kwenye akaunti ya mirathi. Alikuwa amependekeza dola. Nilikataa, tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kulipana kwa fedha za kigeni humu nchini, na noti bandia sina utaalamu nazo.

Ujumbe wa simu wa "umepokea" hauhesabiki kuwa malipo. Yeyote anaweza kukuandikia maneno hayo kutoka namba yoyote. Hundi nayo, hata ikiwa na muhuri mzuri, isubiri ikomae. Mimi niliachia sarafu baada ya mhudumu wa benki kusoma salio kwenye kompyuta yake. Mnunuzi alikunywa soda mbili akisubiri, wala hakukasirika.

Tuliandikiana hati ya mauziano: uzito, mwaka, picha, namba za vitambulisho, sahihi za mashahidi. Nakala moja iko mahakamani pamoja na taarifa ya mali na madeni ya marehemu, ambayo msimamizi anatakiwa kuiwasilisha ndani ya miezi minne tangu ateuliwe. Shemeji ameshapewa nakala yake.

Msomaji wenu, Majengo, Moshi