Dada, nimefeli fiziolojia

Juzi usiku nimepokea ujumbe: "Dada, shikamoo. Nimefeli fiziolojia. Milango ya potasiamu imenishinda, nafikiria kubadili kozi." Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Wiki mbili zilizopita nimetetea tasnifu yangu ya uzamili, na mada ilikuwa hiyo hiyo milango ya potasiamu, yaani vijitundu kwenye utando wa seli vinavyopitisha madini ya potasiamu.

Marahaba, mdogo wangu. Usibadili kozi.

Mwaka wa pili niliingia kwenye mtihani wa mdomo nikiwa nimekariri: sodiamu inaingia kwenye seli, potasiamu inatoka. Mtahini akauliza, "Ikishindwa kutoka?" Nikanyamaza. Akamgeukia mwenzake, akasema huyu angefaa kukaa dukani. Wakacheka. Ni miaka minane sasa, na nikipita karibu na chumba kile bado moyo unanienda mbio.

Sapu, ule mtihani wa marudio, nilifaulu, lakini kuelewa sikuelewa. Aliyenifumbua macho ni nyoka. Mimi ni mtoto wa Muheza. Kwetu koboko wa kijani hujificha kwenye miembe, na bibi alitukataza kupanda bila kuangalia kwanza. Siku moja nikasoma kwamba sumu yake ina protini ziitwazo dendrotoksini, ambazo huziba baadhi ya milango ya potasiamu kwenye neva, yaani mishipa ya fahamu. Neva ikishapiga umeme wake, potasiamu inayotoka ndiyo inayoirudisha kwenye utulivu. Ikizibwa njia, neva inazidi kumwaga kemikali ya kuamsha misuli, na misuli inatetemeka na kukakamaa. Jibu la mtahini lilikuwa kwenye mwembe wa bibi miaka yote ile.

Tangu hapo kila mlango niliuuliza swali lile lile: ukishindwa kufunguka, nini kinatokea? Jeni za KCNQ2 na KCNQ3 hutengeneza mlango ambao ni breki ya seli za ubongo. Mwaka 1998 ilibainika kwamba hitilafu za jeni hizo huleta aina ya kifafa cha kurithi kwa watoto wachanga, kinachoanza siku za mwanzo za maisha. Degedege nyingi kwetu ni za malaria na homa, najua. Lakini namfikiria mtoto wa siku tatu anayekakamaa huku wakubwa wakimsingizia ndege wa usiku, na nashindwa kukubali kwamba somo hili ni la kukariri tu. Dawa ya kuifungua milango hiyo, retigabini, iliidhinishwa 2011. Ikaonekana inaweza kubadili rangi ya ngozi na ya retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, na 2017 ikaondolewa sokoni. Kazi bado ipo, na inakusubiri wewe.

Hata kujifunza kwenyewe kumo humu. Sungura akifundishwa kufumba jicho asikiapo mlio, seli za hipokampasi yake, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, hupunguza kile kipindi cha kutulia kinacholetwa na potasiamu, zikawa tayari kupiga tena upesi. Breki inalegea ili somo liingie.

Kwa hiyo acha kukariri. Chora. Ukimaliza kuchora, ziba mlango mmoja, ujiulize. Kesho chora tena bila kutazama daftari, uzibe mwingine, ujiulize tena. Asikuambie mtu kwamba huna kichwa cha sayansi. Mimi niliambiwa mbele ya watu.

Kabla ya Ijumaa nitumie picha ya mchoro wako: neva moja, potasiamu imezibwa. Chini yake niandikie kwa maneno yako nini kitatokea.