Mama anataka kuja kunilea arobaini, mume anasema haina haja

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa na Mswidi, tunaishi Malmö. Nina mimba ya miezi mitano, ya kwanza. Mama anataka kuja kunilea arobaini. Mume wangu anasema haina haja, yeye atakuwepo. Mama yake anakaa Lund, si mbali kwa treni, lakini haji mpaka aalikwe. Nilipougua mafua alileta supu, akaiacha mlangoni, akatuma ujumbe na kuondoka. Hata hodi hakupiga! Mwanangu atakulia kwa watu wa namna gani? Na nikimkatalia mama, ataona nimemtupa.*

Marahaba, mwanangu. Mungu akujaalie ujifungue salama.

Nianze na hiyo supu, maana umeitaja kama shitaka. Mama wa watu kasikia mkaza mwanawe anaumwa, kaingia jikoni, kapika, kapanda treni na sufuria mkononi, kaiweka mlangoni pako. Kwetu mtu akifanya hivyo bila kupiga hodi, tunasema ana neno moyoni. Kwao mgonjwa huachwa alale, na nyumba ya mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima huingii bila kuitwa, hata kama umemzaa mwenyewe. Amekuheshimu kama alivyofundwa. Mpigie simu leo, umshukuru.

Wala usiseme ndivyo walivyo Wazungu wote. Takwimu za Umoja wa Ulaya za mwaka 2023 zinaonyesha kijana wa Ufini huondoka kwa wazazi akiwa na miaka 21 hivi kwa wastani, wa Kroatia amepita 31. Waswidi wako upande wa Wafini. Serikali yao humpa mwanafunzi wa chuo ruzuku na mkopo bila kuuliza baba yake anapata kiasi gani, hivyo kijana huzoea mapema kujilipia kodi na chakula. Mzazi naye huzoea kutoulizwa na kutouliza.

Kwa mumeo ndiko nadhani umekosea kusoma. Uswidi ndiyo nchi ya kwanza kuwapa baba na mama likizo ya uzazi ya kugawana, tangu 1974. Leo ni siku 480 kwa mtoto, 90 kati yake ni za kila mzazi peke yake, na baba ana siku 10 zaidi mtoto anapozaliwa. Mwanamume aliyekulia huko anajua kubadilisha nepi na kuamka usiku ni kazi yake. Ukimwambia "mama anakuja arobaini nzima", huenda anasikia kwamba ananyang'anywa mwanawe. Na tuseme kweli, kwetu siku hizo baba huhamishwa chumba, na kumbeba mtoto mpaka aruhusiwe na kina mama.

Lakini sitakwambia uiache arobaini. Mzazi wa kwanza, ugenini, kwenye baridi, anahitaji mtu wa kumkanda, wa kumpikia uji wa pilipili manga, wa kumpokea mtoto ili apate usingizi, na wa kumlilia kwa Kiswahili pale kifua kinapouma kwa maziwa. Mume hata awe mwema vipi, hayo hakulelewa nayo. Mweleze moja baada ya jingine, kwa sababu hajawahi kuyaona. "Ni mila yetu" haimwambii kitu.

Kisha mpange hivi. Siku 10 za mwanzo ziwe zake, mama afike zikiisha, anaporudi kazini. Arobaini itakuwa bado ina mwezi mzima, na viza ya Schengen, ile ya kutembelea Uswidi na nchi nyingi za Ulaya, huruhusu hadi siku 90, kwa hiyo nafasi ipo. Maombi huanza kupokelewa miezi sita kabla ya safari. Msingoje tumbo likue. Kukandwa kwa maji ya moto, muulizeni kwanza mkunga wa kliniki, hasa ukishonwa.

Mama asisikie mpango huu kwa ujumbe wa simu. Mpigie, mumeo akiwa pembeni, na aliyeoa ndiye atamke, "Mama, karibu", hata kwa Kiswahili cha kubabaisha. Mwambieni pia, kabla hajapanda ndege, kwamba baba atakuwa anamwogesha mtoto jioni. Akilijua hilo akiwa Tanga hataona ajabu akifika.

Na bibi wa Lund mpeni siku yake ndani ya arobaini hiyo, mama yako akiwepo. Mtajieni tarehe na saa. Hatakuja bila kuitwa, na mkimwita atafika.